Mwaka wa Matairi Magumu

Jamani, hamtaamini, Mjomba ameacha mbio. Ameacha kabisa, si ile ya kuacha Jumatatu na kurudi Ijumaa. Ngojeni niwaeleze vizuri, maana nikianzia mwisho mtadhani amegonga ukuta, na wala hajagonga chochote.

Mjomba ni mdogo wake Mama, fundi wa majokofu. Wiki nzima yuko karakana, kichwa kimezama ndani ya friza la mtu. Jumapili anavaa ovaroli isiyoshika moto, anajikunja kuingia kwenye gari lake jekundu la formula, lile la kiti kimoja na magurudumu nje nje kama miguu ya kaa, anakwenda kushindana na watu wengine wenye kazi zao: mwalimu, mpima ardhi, muuza dawa. Wote ni wa ridhaa, hakuna anayelipwa hata soda. Mimi ndiye mshika ubao wake tangu niko shule ya msingi. Nasimama kwenye ukuta wa pembeni, akipita namwonyesha yuko nafasi ya ngapi. Nimesoma mpaka nimemaliza chuo, takwimu nimezibugia zote, na bado sijapata kazi tamu kama hiyo.

Kikombe cha msimu alikuwa hajawahi kukichukua. Wa pili, ndiyo, mara nyingi mpaka Mama akambandika jina la Bwana Nusura. Na safari hii daktari alishamwambia kwamba kile kiti kinammaliza mgongo, afunge msimu huu apumzike. Kwa hiyo ilikuwa kikombe mwaka huu au basi tena. Kila mtu nyumbani alijua.

Sasa lazima mjue Mjomba alikuwa anashindaje mbio zake. Zamani walikuwa wanatumia matairi laini. Tairi laini linang'ang'ania barabara kama gundi, lakini ukilikamua mapema linakufa kabla mbio hazijaisha. Vijana walikuwa wanaondoka kama wamechomwa sindano, halafu mizunguko ya mwisho wanateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Mjomba anawaacha waende. Kona anazikata polepole, usukani kaushika kama yai. Wenzake wakianza kuteleza, yeye matairi yake ndiyo kwanza yana nguvu, anawapita mmoja mmoja huku wamekodoa macho. Hata matairi ya akiba alikuwa anayalea. Aliyaweka ndani ya friza bovu pale karakana, jua lisiyaone. Kuna mteja alilifunua, akauliza hiyo nyama ya trekta inauzwaje.

Shida ni kwamba matairi laini yalikuwa yanakula pesa za watu. Seti moja haimalizi mwezi. Madereva wakaanza kupungua, leo huyu hayupo, kesho yule. Kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye hata mama yake anamwita Kinyozi, alikuwa na gari lake zuri limekaa juu ya matofali kwa kukosa matairi. Alikuwa anakuja karakana kuomba yale ambayo Mjomba ameshayachosha, na Mjomba anampa, yeye anamlipa kwa kumnyoa na kumletea umbea.

Basi chama kikaitisha mkutano. Hoja: kuanzia msimu huu kila gari litumie tairi moja tu, gumu, la aina moja kwa wote, na seti moja ikupeleke msimu mzima. Wenye uwezo wakanuna. Na nani alisimama kuitetea? Mjomba wangu mimi.

"Mbio za magari sita si mbio," akasema. "Huo ni msafara wa harusi uliopoteza bibi harusi."

Ukumbi ukaangua kicheko, mikono ikanyooka, sheria ikapita. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hakuna hata mmoja mle ndani, Mjomba akiwemo, aliyejiuliza tairi lisilochoka litamfaa nini mtu ambaye kazi yake ni kungoja wenzake wachoke.

Tairi gumu halitaki kubembelezwa. Unalichapa tangu mwanzo ndipo linapata joto, na likishapata linakwenda vilevile mpaka bendera. Kinyozi alilielewa siku ya kwanza. Gari lilishuka kwenye matofali, akaondoka nalo kama jini. Mjomba akamwacha aende, akangoja aanze kuteleza. Akangoja mpaka mbio zikaisha. Mara ya pili hivyohivyo. Nikamchorea grafu, na rangi nikaipaka, akaitazama, akasema imemwingia, sasa atakanyaga. Kweli anakanyaga, halafu akisahau kidogo tu mguu unarudi wenyewe. Mazoea yana taabu.

Hata hivyo Mjomba ni mtu wa kumaliza, na Kinyozi mara mbili injini ilimzimikia njiani. Kwa hiyo mbio za mwisho, Jumapili iliyopita, wakafika wakiwa sare kwa pointi. Atakayemtangulia mwenzake anabeba kikombe.

Kabla ya kuanza Kinyozi akaja kumsalimia, helmeti kwapani.

"Fundi, leo usinisubiri. Sirudi nyuma."

"Nenda tu. Kichwa hakinyolewi kwa haraka."

"Hiki nakinyoa kikavu."

Watu wakacheka, Mjomba mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho.

Na Mjomba aliondoka, jamani. Alikanyaga kama mtu aliyeibiwa gari akalipata. Akaongoza, Kinyozi nyuma yake, mimi ukutani narukaruka mpaka Mama akanishika sketi nisianguke. Mizunguko ikawa inaisha na Mjomba yuko mbele. Halafu nikasikia. Kabla ya ile kona ya mbele yetu, sauti ya injini yake ikalegea kidogo, kidogo tu, kwa upole. Alikuwa ameanza kuyatunza matairi. Nikaandika kwenye ubao KANYAGA, herufi kubwa kama tangazo la sabuni. Aliniona, akanyanyua kidole. Mzunguko uliofuata sauti ikalegea palepale, na Kinyozi akampita kwa upande wa ndani wa kona.

Alimaliza wa pili, mkia wa Kinyozi uko puani kwake.

Alipolizima gari alivua glavu, akaweka kiganja juu ya tairi la mbele, kama alivyokuwa anafanya siku zote. Enzi za matairi laini lingemuunguza, na lingekuwa na ukoko wa mpira uliojikunja pande zote. Hili lilikuwa vuguvugu tu, safi. Mkono aliuacha pale muda mrefu.

Mama hajui kunyamaza. Akamwambia mchimba kisima huingia mwenyewe, si ni yeye aliyeipigania sheria.

"Mkono ningeunyoosha tena, dada," akasema. "Tazama magari yalivyojaa. Ila ningependa ningekuwa nimejua mapema."

Kinyozi akaja na kikombe, hana raha, anajikuna. Akasema kama si Fundi, gari lake lingekuwa bado juu ya matofali, akataka wakishike wote wawili wapigwe picha. Mjomba akakataa taratibu.

"Kishike vizuri. Sikio la kushoto limelegea."

"Umejuaje, na hujawahi kukishika?"

"Nimekitazama sana."

Nililia, bila hata kujificha.

Leo asubuhi mpima ardhi amekuja na trela kulichukua gari, anamnunulia binti yake. Yule binti alilizunguka, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye matairi, akauliza kama yamewekwa mapya kwa ajili ya kuuzia. Mjomba akamjibu yamekimbia msimu mzima. Binti akacheka, akidhani anataniwa. Mjomba hakubishana naye. Alimwonyesha tu jinsi ya kuingia kwenye kiti bila kuumiza mgongo, halafu akamwambia, asilionee huruma tairi, akanyage.