Mbele Buluu, Nyuma Nyekundu

Tangu asubuhi mlango wa Mama Pacha ulikuwa umegongwa mara tatu, na wote waliogonga walikuja na swali lilelile: kaka yako ni wa chama gani? Hakuna aliyeuliza amelala wapi, amekula nini, wala kama ana nafuu.

"Ni wa chama cha wagonjwa," alimjibu wa tatu, akamfungia mlango puani.

Jana yake chama cha buluu kilikuwa na mkutano wa hadhara katika uwanja wa soko. Vipaza sauti vilifungwa kwenye kila nguzo, vikanguruma kiasi kwamba hata kuku walikimbilia chini ya meza. Katikati ya hotuba, kaka yake Mama Pacha alichomoa nondo kwenye kifusi akaanza kuvipiga vipaza sauti hivyo. Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa kuwa kabla ya kuugua alikuwa fundi redio na mfuko wake haukukosa kipande cha waya. Polisi walipomkamata alikuwa analia. Alisema vyombo vile vilikuwa vinamtaja jina na kumwambia amewaua watoto wa dada yake. Lakini kabla hajakamatwa alishampiga kila aliyejaribu kumzuia. Fundi mitambo alivunjika mkono. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba chini ya nguzo alipasuliwa kichwa.

Hakufa mtu. Hata hivyo, kabla damu haijakauka, picha zilikuwa zimeingia kwenye kila simu, na hapo ndipo kazi ya mikono ya Mama Pacha ilipowaponza.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Msimu wa kampeni ulipoanza, vyama vyote viwili vilimpa kazi ya kushona sare, na mafundi wana mazoea yao: vipande vinavyobaki ni vya fundi. Kwa vipande hivyo alishona suruali za kulalia za watoto wake pacha, mfuniko wa cherehani, na pazia la bafuni. Waya naye, ambaye akizidiwa huchana nguo zake vipande vipande, akashonewa shati. Kwa kuwa hakuna rangi iliyotosha shati zima, mbele lilikuwa buluu, nyuma nyekundu. Siku alipomvalisha, Mama Pacha alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka, leo ukija ni wa huku, ukiondoka ni wa kule!"

Sasa utani ule ulikuwa umegeuka shubiri. Aliyempiga picha kwa nyuma aliisambaza kwa maneno haya: wekundu wametuma muuaji kwenye mkutano wetu. Aliyempiga kwa mbele naye akasambaza yake: watu wa buluu wamejipiga wenyewe, wanatafuta kura za huruma. Picha ya ubavuni, ambayo ingeonyesha rangi zote mbili, haikuwa na wa kuitaka.

Mama Pacha aliwaacha watoto kwa jirani, akampitia Sista, muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimdunga Waya sindano yake ya kila mwezi, wakaenda kituo cha polisi. Sindano yenyewe ilikuwa imeadimika. Kila Mama Pacha alipokwenda zahanati aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa haina mwisho. Hospitali kubwa walikuwa nayo, na daktari alikuwa ameshakubali kumpokea mgonjwa siku hiyohiyo. Kilichobaki ni polisi kumtoa tu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye dada yake? Haya, tuambie, nani kamtuma?"

"Kaka yangu ni mgonjwa, afande. Huyu hapa ni muuguzi wake."

"Anapigapiga kichwa ukutani tangu jana," afande alisema, kana kwamba anasimulia habari za mvua. "Maji hanywi. Anasema bomba linaongea."

Sista akaruka. "Sasa si ndiyo dalili zenyewe hizo! Mwaka juzi alikaa hivihivi, tulimpata amebaki mifupa. Mwacheni aende hospitali, hata kwa pingu."

"Sista, hili limeshakuwa jambo la kisiasa, limetoka mikononi mwangu. Wakubwa wanataka kwanza kujua nani kamtuma."

"Kimemtuma kipaza sauti!" Mama Pacha alisema. "Kikamateni basi, kipo palepale nguzoni."

Askari mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mama Pacha alitoka nje kichwa kinamgonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Na huko nje, bila yeye hata kuota, walikuwa wanamsubiri viongozi wawili: Katibu wa tawi la buluu kwenye kivuli cha gari lake, na Mwenyekiti wa wekundu kwenye kivuli cha gari la mwenzake, maana lake lilikuwa juani. Waandishi wa habari walikuwa wamejazana getini, mbali kidogo, askari akiwazuia.

Katibu aliwahi. "Dada yangu, pole sana. Tuko pamoja nawe. Wewe waambie tu wale waandishi ile nyekundu ya mgongoni imetoka wapi."

"Mwanangu, usimsikilize," Mwenyekiti akaingilia. "Mimi nina binti wa umri wako. Sema kweli, usiogope. Ile buluu ya kifuani nani alikupa?"

"Alinipa Katibu."

"Ahaa! Umemsikia, Katibu?"

"Na nyekundu ulinipa wewe, mzee. Ukanilalamikia kola."

Katibu alianza kutabasamu, akakutana na jicho la Mama Pacha, akaacha.

"Nilishona na mabaki yenu," Mama Pacha aliendelea. "Angekuwa na akili timamu asingelivaa lile shati hata mngemlipa. Nimewaambia, nimerudia, nimechoka. Mtu anajipasua kichwa humo ndani, nyie mnaulizana rangi!"

"Taratibu, dada, waandishi watasikia..."

"Wasikie! Mnataka niseme si mtu wenu? Nitasema, tena ndiyo kweli, si wako wala si wa huyu. Ila sifungui mdomo mpaka nione gari limemchukua kaka yangu kwenda hospitali. Likichelewa, nitamjibu mwandishi yeyote atakayeuliza kitambaa kilitoka kwa nani. Kila mmoja nitamtaja kwa cheo chake."

Sista alimvuta kanga. "Mama Pacha, jamani, unawatisha wakubwa?"

"Nimekosa cha kufanya, Sista. Wewe unacho?"



Wanaume wale walitazamana. Hakuna aliyetaka kusaidia, lakini hakuna pia aliyetaka mwenzake asikike amesaidia kwanza. Simu zikatoka mifukoni kwa pamoja. Wakapeana migongo kama wake wenza waliokutana kisimani, kila mmoja akinong'ona na mkubwa wake. Haikupita muda mrefu, simu ya mezani kituoni ikalia, ikalia tena, na sauti ya afande ikasikika ikisema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu.

Walimtoa Waya kwa pingu, katikati ya askari wawili. Shati walishamvua kama kielelezo cha kesi, wakamfunika blanketi. Paji la uso lilikuwa limevimba. Alipomwona dada yake alisimama, wakashindwa kumsogeza.

"Pacha wako hai?" aliuliza.

"Wako hai, kaka. Wamekunywa uji, wamegombana, wamepatana. Wanakusalimia."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye ili nini? Nenda na Sista. Nakuja nyuma yenu."

Gari lilipoondoka, aliwageukia waandishi na kutimiza ahadi. Alisema kaka yake hana chama, ni mgonjwa, na zahanati haikuwa na sindano yake. Alisema anawapa pole walioumizwa. Mwandishi mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo kukosekana kwa dawa unamlaumu nani, chama kilichoko madarakani au wapinzani waliopinga bajeti?"

Mama Pacha alimtazama kijana wa watu, akashusha pumzi, akaondoka zake.

Jioni redio moja ilitangaza kwamba dada wa mshambuliaji amewasafisha buluu. Nyingine ikatangaza kwamba amewasafisha wekundu. Habari ya sindano haikupata hata nusu ya sentensi. Alizima redio, akawaogesha watoto.

Kesho yake, hospitalini, Waya alikuwa amelala fofofo, askari akisinzia miguuni pake. Mama Pacha akajikaza, akapanda wodi ya majeruhi kumtafuta yule mama wa viatu. Alimkuta ameegemea mto, bandeji kichwa kizima. Kando yake kulikuwa na vikapu viwili vya matunda, kimoja kimefungwa utepe wa buluu, kingine mwekundu.

"Na wewe umetumwa na nani?" mama yule aliuliza. "Kama ni picha, mimi sipigi tena."

"Sijatumwa. Mimi ni dada wa aliyekupiga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Mama Pacha akaanza kuomba radhi, maneno aliyoyapanga usiku kucha yakimtoka kwa vipande, lakini mwenzake aliinua mkono.

"Wewe hukunipiga. Usiniombe msamaha wa mtu mwingine. Huyo kaka yako, akipata dawa anakuwaje?"

"Anakuwa mtu. Mpole. Anatengeneza redio."

"Basi akiwa mtu, aje yeye. Nataka aniangalie usoni. Na asije na kikapu."

"Inaweza kuchukua muda, mama."

"Kwani hiki kichwa changu kitapona leo? Nina hasira naye, tena sana. Ila nitamngoja."

Mama Pacha alishuka ngazi haraka, akamkuta Sista mlangoni mwa wodi akiaga.

"Sista, mwezi ujao sindano itakuwepo?"

"Mwezi ujao ipo, hapa hospitali. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na unaofuata?"

Sista alitazama huku na huku, akainua mabega.

"Basi huo unaofuata nitakuja mapema," Mama Pacha alisema, akijifunga kanga kiunoni, "na nitakaa hapahapa mlangoni mpaka mnichoke. Kaka yangu ana mtu wa kwenda kumwona."