Gunia Lisilo na Lebo

Asubuhi ile Kicheko, mchanganyaji wa sabuni ya maji, alikuwa akisimulia visa vya jirani yake huku akipasua gunia kwa kisu. Alidhani ni chumvi. Lilikuwa limepangwa pamoja na magunia ya chumvi, jeupe kama hayo, bila lebo yoyote. Alipolimimina kwenye pipa, vumbi likampanda usoni. Akapikicha macho kwa mkono uliolowa jasho, na kisa cha jirani kikaishia hapo kwa yowe.

Mtunza stoo, mwanamke waliyekuwa wakila naye pamoja kila mchana, alikuwa mlangoni. Aliona unga ukiteleza kama povu vidoleni mwa mwenzake, akajua si chumvi. Ilikuwa fosfeti ya kutengenezea dawa ya kung'oa mafuta sakafuni. Unga huo ukikutana na jasho huchoma ngozi, na ukiingia machoni ndiyo balaa. Hakuna aliyeugusa bila miwani, glavu na barakoa, ilimradi ajue kuwa ndio huo. Akamkokota Kicheko hadi bombani, akamfumbua kope kwa nguvu, akaacha maji yapite. Msimamizi alikuja mbio akitaka mgonjwa apakiwe garini mara moja. Mtunza stoo alikataa kumwachia mpaka macho yaoshwe vya kutosha, na hata garini aliendelea kummiminia maji kwa chupa.

Daktari alisema maji hayo ndiyo yaliyookoa jicho la kulia. La kushoto lingebaki na ukungu.

Meneja hakupoteza muda. Gunia limetoka stoo, na stoo ina mwenyewe. Alitaka kujua lebo ilikwenda wapi. Mtunza stoo alieleza kwamba kila gunia la fosfeti lilikuja na karatasi kubwa yenye picha ya mkono unaounguzwa. Meneja alimsikiliza huku akitazama dirishani, na mama wa watu akatoka ofisini akijua keshahukumiwa.

Naye akaanza kuhukumu wengine. Wa kwanza alikuwa msimamizi. Hakusahau jinsi msimamizi huyo alivyowahi kulalamika kwamba picha ile inawatia hofu vibarua wapya, kila mmoja anaiona na kudai miwani. Kuanzia siku hiyo akawa anamfuata kwa jicho la pembeni. Msimamizi akiingia stoo, yeye ana cha kufagia. Akiinama kufunga kamba za viatu, yeye anasogea aone mkono unakwenda wapi. Mwisho mwanamume wa watu akamuuliza kwa upole kama ana tatizo naye, na mtunza stoo akaona haya, lakini shaka haikumtoka.

Alipokagua rundo la fosfeti ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Magunia kadhaa ya nyuma, yaliyoelekea ukutani, hayakuwa na lebo. Hazikuchanwa ovyo. Karatasi ilibanduliwa taratibu, pembe kwa pembe, ikaacha alama ya gundi ya mraba. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa na nafasi na hakuwa na haraka.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mume alikuwa dereva wa foklifti ya kupangia magunia pale pale kiwandani, mtu wa mkono wazi aliyependwa na ukoo mzima. Alisikiliza akitafuna, akasema labda ni unyevu tu, gundi za siku hizi hazina maana. Kisha akaomba maji ya kunywa, na maji yalikuwa mbele yake.

Jumapili walikwenda kumwona mama mkwe. Bibi huyo alikuwa na vidole vilivyopasuka na midomo myekundu, na alishajua mchawi wake: mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye tangu alipoazima ungo hakumrudishia kwa moyo safi. Alimvuta mkwewe jikoni amnong'oneze habari zote. Mtunza stoo hakusikia hata nusu. Nyuma ya mlango lilikuwapo gunia jeupe lililojaa maharage, na ubavuni lilikuwa na alama ya gundi ya mraba.

"Mama, hili gunia umelipata wapi?"

"Si mume wako? Ametugawia wote. Shangazi zake, wifi zako, kila mtu. Magunia magumu haya, panya hatoboi."

Alipapasa mshono wa chini. Vidole vyake vikatoka na unga mweupe, akavilowesha kwa tone la maji, vikaanza kuteleza. Akakaa juu ya kibao cha kukunia nazi.

Hakumwambia mumewe neno mbele ya mama yake. Walipofika njiani, mahali pasipo na watu, ndipo alipomuuliza kwa nini alibandua lebo magunia yakiwa bado yamejaa.

"Likijaa, karatasi inabanduka vizuri. Likiwa tupu linakunjamana, inachanika na ile picha inabaki. Nani atapokea gunia la chakula lenye picha ile? Na niliyaosha, mke wangu. Yote niliyaosha."

"Na lile la Kicheko?"

"Nilikosea rundo. Nililishusha kwenye chumvi bila kuangalia."

"Umenitazama nikimshuku mtu mwingine siku zote hizi."

Mtunza stoo alitambua kwamba kilichomuuma zaidi ni yale maji ya kunywa, jinsi mumewe alivyotafuta pa kuweka macho.

Alimpa nafasi aende mwenyewe kwa meneja. Akaenda, akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mkewe alibaki stoo, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa msimamizi kumwomba radhi. La pili lilikuwa gumu zaidi. Alikwenda kwa Kicheko, akamweleza kila kitu bila kupunguza. Kicheko alimsikiliza na kitambaa jichoni, akamuuliza swali moja tu: alianza kumshuku mumewe lini? Mtunza stoo akasema kweli, kwamba ni usiku ule mumewe alipoomba maji mezani, na alijikataza kufikiri. Tangu hapo husalimiana vizuri, ila hawali tena pamoja.

Mume na mke walizunguka kwa ndugu kuyakusanya magunia. Waliwaeleza kwamba kuosha hakutoshi, unga hujificha kwenye mishono, na chakula kilichohifadhiwa humo kitupwe. Wengi walitoa kwa shingo upande. Shangazi mmoja alikana kabisa kwamba aliwahi kupewa gunia. Aliwaambia anajua wanataka kuyapeleka kwa watu wa upande wa mke, kisha akasimama katikati ya mlango wa jikoni, mikono kiunoni, midomo yake ikiwa imevimba, akawataka waondoke nyumbani kwake.

Mtunza stoo akaketi kizingitini pa nyumba hiyo, akamwambia mumewe amtangulie, yeye haondoki mpaka gunia litoke.