Mimi Nasoma Kanga Tu

Kwa miaka ishirini na sita Bi Chiku alikuwa akitunga majina ya kanga, na sidhani kama kuna mwanamke wa Ilala ambaye hajawahi kumsema jirani yake kwa maneno ya Chiku. Wenyewe hawakumjua, maana kanga haina sahihi ya mtunzi. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta ya Humoud, Mtaa wa Uhuru, daftari magotini, akisikiliza wateja wanavyowasengenya mawifi na wake wenza. Kila mwezi Humoud alipeleka kiwandani michoro mipya, na chini ya kila mchoro maneno ya Chiku.

Humoud alikuwa na miaka sabini na miwili. Duka lilifunguliwa na babu yake; yeye na baba yake walizaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo. Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu. Mkewe, Azza, alikuwa shoga yake Chiku wa kufa na kuzikana. Ramadhani ikiingia, sinia la futari lilikwenda na kurudi baina ya nyumba zao, na halikurudi tupu hata siku moja.

Mwaka wa uchaguzi akaja Hamis, mgombea udiwani, mwanamume mpole wa miaka arobaini hivi, shati limenyooka. Aliongozana na mpambe wake, Anselmi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimeambiwa fundi wa maneno ni wewe. Nataka kanga za kina mama wa kata nzima. Jina lake liseme kwamba Kariakoo imetutoka mikononi. Ila usimtaje mtu. Mimi si mtu wa matusi."

Kila mtu alilijua jambo hilo. Siku zile sokoni hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya wafanyabiashara kutoka nje, wanaoshusha makontena kisha wanauza mojamoja kama wamachinga. Humoud mwenyewe akacheka, akasema, "Mtungie, Bi Chiku. Hao watatumaliza sote."

Chiku akaandika: "Riziki mafungu saba, langu mbona silioni?"

Hamis akatikisa kichwa. "Hilo la kulia."

Akaandika lingine: "Tulipanda wote, mbona mwavuna wenyewe?"

"Hilo linauliza tu. Mtu akiulizwa, anaweza akajibu vyovyote. Nataka linalomwonyesha kitu, akikiona hasira imshike mwenyewe."

Chiku akatafuna kifuniko cha kalamu. Kisha akaandika pasipo kufuta: "Mgeni kalala kitandani, mwenyeji yuko barazani."

Hamis alilisoma mara mbili kwa sauti ya chini. Anselmi akapiga mluzi. Na Chiku, niseme ukweli wake, alisikia raha ile anayoisikia fundi pale msumari unapozama kwa pigo moja. Alijua limegonga penyewe. Hakujiuliza litamuumiza nani.

Jumapili ya pili baada ya Humoud kuzileta kanga kutoka kiwandani, mkutano ukafanyika uwanjani Mchikichini. Wanawake walijifunga kanga zile, uwanja mzima ukawa rangi moja. Chiku alisimama nyuma na moyo wa fahari. Hamis hakupaza sauti. Alikunjua kanga moja, akainyoosha mbele ya kifua kama mtu anayeiuza.

"Ndugu zangu, mimi sisemi jina la mtu. Mimi nasoma kanga tu. Kina mama wanasema mgeni amelala wapi?"

"Kitandani!"

"Na mwenyeji yuko wapi?"

"Barazani!"

Akajifuta jasho taratibu. "Sasa mgeni akilala kitandani mpaka jua likampiga, afanywe nini?"

Uwanja ukapiga kelele: "Aamshwe!"

Hamis akainua mikono kama mtu aliyeshtuka. "Mimi sijasema. Mmesema nyinyi."

Watu wakacheka hadi machozi. Chiku naye alicheka kidogo, halafu akajikuta amenyamaza peke yake.

Wiki ile neno "kuamsha" likaingia mtaani kama chumvi kwenye maji. Vijana walipita maduka ya wale wageni wa makontena, wakayapiga mageti kwa viganja: "Amka, mgeni! Kumekucha!" Ilikuwa mizaha. Wiki iliyofuata wakawaamsha Wahindi wenye vipuri. Baadaye ikawa yeyote mwenye pua iliyochongoka au jina la mbali. Mikutano ikaendelea, na kila mkutano Hamis alisoma kanga, akauliza, wakamjibu.

Humoud alidharau. "Mimi mgeni? Wanirudishe wapi, chumba cha juu?" Lakini Ijumaa moja mchukuzi aliyembebea mizigo miaka kumi na moja alipita na mkokoteni wake, akamwita kwa kicheko, "Mzee Humoud, bado tu umelala?" Humoud aliingia ndani akakaa chini, na siku hiyo akafunga mapema.

Chiku alivaa baibui akaenda ofisi ya kampeni.

"Baba, iache kanga ile. Watu wanatishwa."

Hamis alimpa kiti, akamwagizia soda. "Mama yangu, nitajie neno moja baya nililowahi kusema. Moja tu, nami nitaomba radhi hadharani."

Chiku akatafuta. Alipitia mikutano yote aliyohudhuria, akikunjua sentensi moja baada ya nyingine kama anayesaka kunguni kwenye godoro. Hakuliona. Mtu huyu alikuwa ameuliza tu. Lililokuwa na makali lilikuwa la Chiku mwenyewe, na lililobaki lilikuwa la umati.

"Umeona?" Hamis akamwambia kwa upole. "Tena lile jina nililikuta dukani kwa Humoud. Yeye ndiye aliyelipeleka kiwandani."

Chiku akaenda kwa kikundi cha kina mama waliojifunga kanga zile. Akawaambia maneno yale ni yake, na kwamba hakumkusudia mtu aliyezaliwa hapa. Mwenyekiti wao akamshika mkono. "Usiogope, Bi Chiku. Ulilolikusudia tunalijua." Wenzake wakampigia vigelegele.

Jumamosi, saa tano asubuhi, wakaja. Hawakuwa majambazi, wengi walikuwa watu wa mtaa ule ule, na wengine walikuja kutazama tu. Chiku alikuwa kwenye kigoda chake. Alisikia kwanza vile viganja getini, kisha mawe. Humoud akatoka mlangoni, mikono mitupu. "Jamani, mnanijua mimi!"

"Tunakujua! Amka!"

Hakuna aliyeona ni nani aliyemsukuma. Alianguka kinyumenyume kwenye mtaro, na mfupa wa nyonga ukavunjika kwa mlio ambao Chiku aliusikia akiwa ndani. Watu wakaingia wakimruka, wakatoka na marobota ya kanga vichwani. Chiku alipiga kelele, "Ni babu yenu huyu!" Mwanamke mmoja aliyekuwa amejitwisha robota akasimama, akamtazama kwa huruma, akasema, "Toka humo, mama, utaumia."

Humoud alilala hospitali siku kumi na tisa. Ya ishirini wakamzika Kisutu.

Chiku alikwenda polisi kwa miguu yake. Ofisa kijana, mwenye adabu, akafungua faili.

"Nimekuja kusema maneno ni yangu," akasema Chiku.

"Uliandika waende wakavunje?"

"Hapana."

"Uliandika aamshwe?"

"Hapana. Hilo walisema watu uwanjani."

"Watu gani?"

"Wote."

"Mgombea alisema?"

"Yeye aliuliza."

Ofisa akaiweka kalamu mezani. "Mama, kuuliza si kosa. Na watu wote siwezi kuwaweka mahabusu. Wewe nikuandikie nini, kanga?" Hakuwa akimcheka. Alikuwa akitaka kweli kujua.

Eda ilipokwisha, Azza alifungasha kwenda Tanga kwa binti yake, Dalia. Chiku alimkuta amekaa juu ya begi, chumba kitupu.

"Nikuulize jambo moja, shoga, unijibu kweli," Azza akasema. "Ulipoandika yale maneno, ulimwona nani amelala kile kitanda?"

Chiku alifikiri sana. Alitamani kusema aliwaona wale wa makontena. Hata huo ungekuwa uongo.

"Sikumwona mtu, Azza. Niliona maneno tu. Niliona yamekaa vizuri."

Azza akatikisa kichwa polepole. "Bora ungemwona mume wangu ukamchukia. Chuki ningeielewa." Akavuta mtandio, akageukia dirishani. Hawakuagana.

Hamis alishinda kwa kura nyingi. Duka likapata mpangaji mwingine, anauza vifuniko vya simu. Wale wa makontena hawakuondoka. Walibadilisha mabango, wakaajiri wenyeji wakae mbele. Chiku akabaki nyumbani kwake Ilala, hatungi, akiulizwa anasema macho yamechoka.

Mwaka haujatimia, akaja Anselmi. Mheshimiwa ana kampeni mpya, ya kusafisha kando za barabara, na anamwomba jina.

"Sitaki," Chiku akamwambia.

"Si lazima, mama," Anselmi akajibu bila kinyongo. "Tumeshampata dada mmoja anatunga vizuri tu. Nilikuja kwa heshima."

Jumatatu iliyofuata gari la matangazo likapita mtaani, spika juu. Chiku alikuwa nje akinunua vitumbua kwa Sitara, mama lishe aliyekuwa akipika kando ya barabara tangu mumewe alipomwacha na watoto wanne. Sauti ya Hamis ikatoka, ile ile ya upole:

"Jiji letu ni nyumba yetu. Nyumba ina sebule, ina jiko. Mimi nauliza tu, ndugu zangu: takataka za barabarani mahali pake ni wapi?"

Wapita njia wakacheka. Sitara, uso unang'aa kwa moto, aliinua kijiko chake juu na kuitikia kwa sauti kuliko wote:

"Jalalani!"

Kisha akamgeukia Chiku, bado anacheka. "Huyu diwani wetu anajua kuongea, jamani. Nikufungie vingapi, mama?"

Chiku alifungua kinywa amwambie. Gari lilikuwa limekata kona, na kule mtaa wa pili walikuwa wanaitikia.