Kilo Sitini na Nane

Kila asubuhi ya msimu, kabla ghala la pamba halijaanza kununua, mfagiaji alivua viatu, akakung'uta vumbi kwenye nyayo, akapanda juu ya mizani. Karani alingoja mshale utulie, akainama, akasoma kwa sauti: sitini na nane. Hapo wakulima waliokaa juu ya magunia yao uani waliinuka na kunyoosha migongo, maana ilikwisha julikana kwamba mizani imeamka salama. Gunia la kwanza lilipandishwa, na kazi ikaanza.

Watu walimwita Jiwe. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo mahali fulani, ila hata mama mkwe wake alikuwa amelisahau. Tangu alipoacha kukua alikuwa na kilo sitini na nane, na hakuwahi kuongezeka wala kupungua hata kwa uzito wa kifungo. Alizaa binti, ambaye sasa ameolewa mbali, akarudi kazini: sitini na nane. Aliugua homa iliyomlaza hadi nywele zikapukutika: sitini na nane. Mwaka ule mvua zilipogoma, watu wakawa wanafunga suruali kwa kamba, yeye hakula zaidi ya wenzake. Alisikia baridi kwenye jua la mchana, alitembea kama aliyebeba mayai, alisinzia kila alipoketi, na mshale ukasimama palepale. Wakaguzi wa mizani huja na mihuri yao, nao ni binadamu, wana matumbo. Jiwe hakuwa na namna ya kudanganya hata angetaka. Wakulima waliliona hilo kuwa jambo la kushukuru, si la kushangaa. Kila mtu na alivyoumbwa.

Meneja mpya aliingia katikati ya msimu akiwa na tabasamu zuri na fundi wake mwenyewe. Fundi alijifungia na mizani mchana mzima, akatoka anajifuta mafuta mikononi, akaondoka bila kuaga. Kesho yake Jiwe alivua viatu na kupanda. Karani alingoja, akainama, akangoja tena. Kisha akasoma, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba: sitini na tano.

Mdogo wake Jiwe, mkulima aliyekuwa karibu na mbele ya foleni, alisogea hadi kwenye mizani.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi hii ndiyo inayoumwa."

Hakuna aliyepiga kelele. Wakulima walikaa tena juu ya magunia yao, na siku ile haikupimwa hata pamba ya kujazia mto. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa mlimani. Pamba ikilowa haina mwenyewe, na kila mtu pale uani alilijua hilo, meneja akiwa wa kwanza.

Jioni alimwita Jiwe ofisini, akampa kiti, akamwagizia chai. Alizungumza naye kwa heshima zote.

"Mama, mizani hii imekaguliwa na makao makuu. Haiwezi kukosea. Kwa hiyo aliyepungua ni wewe." Alimsogezea sukari. "Ongeza kilo tatu tu, watu watulie. Mtu kunenepa kilo tatu ni kazi gani? Na ile nyumba hatutakuwa na sababu ya kuizungumzia."

Ile nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala. Marehemu mume wa Jiwe alikuwa mlinzi wa kampuni, akafia lindoni, na kampuni ikawaacha mjane na mama wa marehemu wakae kwa hisani. Mama mkwe alikuwa na miguu iliyokufa ganzi; dunia yake yote ilikuwa kitanda, dirisha na sauti ya Jiwe. Jiwe alielewa hesabu vizuri. Akinenepa kilo tatu, mshale utasoma sitini na nane, wakulima wataamini, na kila gunia litakalopandishwa litapunjwa kilo tatu, la mdogo wake likiwemo. Asiponenepa, mama mkwe atatolewa nje na kitanda chake.

Msidhani alikuwa shujaa. Alikoroga chai yake, akasema sawa.

Basi akalishwa, na wakulima wakaendelea kungoja uani na magunia yao. Meneja alileta wali na nyama, mikate iliyopakwa siagi pande zote mbili, maziwa mazito, karanga za kutafuna kati ya mlo na mlo. Mwanzoni Jiwe alifurahia, na aliyewahi kula cha bure asimcheke. Ila mwili ulikuwa na maoni yake. Baada ya siku chache tonge lilifika kooni likasimama, likangoja ruhusa ambayo haikutolewa. Alilisukuma kwa maji. Mwili ulipoona ameamua kuulazimisha, ukaanza kuchoma. Ukuta wa chumba chake ulipata joto, majirani wakalisikia kutoka upande wa pili, wakaja kuanika nguo zao pale kwa kuwa mawingu yalikuwa yamefunika jua. Nepi za watoto zilikauka vizuri sana.

Miguu nayo haikukubali kukaa. Alifagia ghala, akafagia uani, akafagia barabara hadi njia panda, akaingia kwenye nyua za watu akafagia huko pia, na wenye nyua wakamsalimia na kumwonyesha pembe alizosahau. Alipoketi, goti lilicheza mpaka vikombe vikagongana mezani. Mama mkwe alijipepea kwa kipande cha boksi akisema mwili huu ni mbishi kuliko mwanawe, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kukubali hata kuvaa sweta.

Meneja alimpeleka zahanati akapimwe kwenye mizani nyingine. Muuguzi aliutazama mshale, kisha akamtazama meneja. Sitini na nane.

"Mwili una kiwango chake, na unakilinda," alisema. "Ukiushibisha unachoma, ukiunyima unabana. Miili ya watu wengi ukiisumbua sana inajadiliana. Huu haujadiliani."

Akaita mgonjwa mwingine.

Meneja hakuwa mtu wa kukata tamaa. Katika stoo kulikuwa na sanduku la mawe ya mizani ya zamani, yale ya chuma, na fundi cherehani aliyeshona sare za wapagazi aliagizwa ayashonee ndani ya upindo wa shimizi. Kilo tatu kamili. Jiwe aliivaa shimizi ile ndani ya gauni lake pana. Ilimgonga kwenye vifundo vya miguu alipotembea, na kila ilipomgonga alimkumbuka mdogo wake, akaona aibu, akaendelea kutembea.

Alipanda juu ya mizani mbele ya foleni. Mshale ulipanda kidogo, ukasita. Mashavu ya Jiwe yakaingia ndani. Gauni likalegea mabegani, na pete ya ndoa, ambayo haikuwahi kutoka hata kwa sabuni, ikateleza kidoleni ikaanguka. Karani aliiokota, akaipangusa, akamrudishia kabla ya kusoma. Sitini na tano.

Mwili ulikuwa umehesabu vyuma, ukajitoa wenyewe kiasi kilekile. Wakulima waliona, wakakaa.

Jioni Jiwe alipoivua shimizi, nyama zilirudi mahali pake taratibu, na akaweza kukaa bila kuumia mifupa. Mama mkwe aliuona upindo mzito ukiburuta sakafuni. Hakuuliza ni nini. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akageukia ukutani. Jiwe alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akampikia uji.

Asubuhi iliyofuata meneja aliamuru vyuma viongezwe. Mshale ukabaki sitini na tano, na Jiwe akashuka akiwa na mikono kama ya mtu aliyetoka kuugua miezi. Vikaongezwa tena. Wingu sasa lilikuwa juu ya paa la ghala, na wakulima waliyafunika magunia kwa mashuka yao ya kulalia. Siku hiyo wapagazi wawili ilibidi wamshike makwapa kumpandisha. Mshipa wa shingo ulionekana unavyopiga. Karani hakuinama kusoma. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, shuka, utakufa hapa." Mdogo wake alikuwa amevuka kamba ya foleni, amesimama pembeni ya mizani na mikono imenyooshwa, tayari kumdaka.

Jiwe aliutazama mshale. Ulikuwa palepale. Akauelewa mwili wake: ungejitoa nyama yote, kisha mifupa, mpaka ibaki shimizi tupu na vyuma vyake juu ya bamba, na mshale bado ungesoma sitini na tano. Yeye alikubali kudanganya kwa chai ya kikombe kimoja. Mwili haukukubali hata kwa kufa. Aliona aibu mbele ya mwili wake mwenyewe, na aibu hiyo ikageuka kuwa ghadhabu, na ghadhabu ikampa nguvu ya kuinama.

Alishika upindo wa shimizi kwa meno na vidole, akauchana. Akatoa chuma cha kwanza, akakitupa sakafuni, nje ya mizani. Kikalia na kubingirika hadi kwenye viatu vya meneja aliyekuwa amesimama mlangoni. Shavu moja la Jiwe likajaa. Akatoa cha pili, la pili likajaa. Aliendelea hivyo bila haraka, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, na kadiri vyuma vilivyotoka ndivyo mabega yalivyorudi, na mikono, na nyonga, mpaka gauni likakaa mwilini kama kawaida. Muda wote huo mshale haukutikisika. Foleni nzima iliutazama usivyotikisika.

Alipomaliza alijinyoosha akamkabili meneja.

"Mimi ni kilo sitini na nane," alisema. "Nilikuja hivi, na nitazikwa hivi. Ninyi tafuteni zenu mlikozificha."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikapita kwenye foleni hadi getini. Meneja naye alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, tulishasema. Kisha tone la kwanza la mvua likapiga bati.

Hapo ndipo mambo yalipomalizikia. Ghala lilikuwa moja, mnunuzi mmoja, na lori la kwenda kwingine halikuwepo. Wakulima walitazama juu, wakatazama magunia, wakaanza kuyapandisha. Kila gunia lilisomwa pungufu kilo tatu, na kila mwenye gunia alijua. Zamu ya mdogo wake ilipofika alimwangalia dada yake usoni wakati karani akisoma, hakutazama mshale kabisa. Dada yake naye hakutazama pembeni. Pamba iliingia ghalani ikiwa kavu.

Juma hilohilo Jiwe alifukuzwa kazi, na kitanda cha mama mkwe kikatolewa nje na mama mkwe mwenyewe akiwa juu yake. Wapagazi walikibeba hivyohivyo hadi kwa mdogo wake Jiwe, yeye akiwaelekeza njia na kuwakaripia kwenye mashimo. Meneja alibandika tangazo ukutani lenye muhuri, kwamba uzito halali wa aliyekuwa mfagiaji ni kilo sitini na tano, na kwamba mizani imethibitishwa kwa uzito huo. Wakulima walilisoma, na wasiojua kusoma wakasomewa. Hakuna aliyebisha. Kubishana na karatasi ni kujichosha.

Ila msimu ulikuwa bado, na wakulima hawakupandisha gunia lolote kabla Jiwe hajapanda. Hawakuitangaza habari hiyo. Walikaa tu juu ya magunia na kusubiri. Meneja alipiga hesabu, akaona kumruhusu hakumgharimu kitu, na kumkataza kungemgharimu asubuhi nzima. Akaagiza mlinzi amfungulie.

Kwa hiyo kila siku Jiwe hutembea kutoka kwa mdogo wake, huingia getini bila kumsalimia mtu wa ofisini, huvua viatu na kupanda. Mshale hutulia kwenye sitini na tano. Karani hulitazama tangazo, husoma, "Sitini na tano."

Jiwe hashuki. Husimama pale juu na kilo zake zote, mikono ameiacha ining'inie, huku jua likipanda na foleni ikirefuka hadi barabarani. Lori la kampuni hupiga honi. Meneja hutoka mlangoni, hurudi ndani, hutoka tena. Karani hujifuta jasho. Mwishowe huutazama mlango wa ofisi, huyatazama macho ya wale waliokaa juu ya magunia, husoma upya.

"Sitini na nane," husema, kwa sauti inayofika hadi getini.

Ndipo Jiwe hushuka. Kisha gunia la kwanza hupandishwa, nalo hupunjwa.