Ile ya Machungwa Imepita

Mwalimu Gichovi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu aliponunua baiskeli ya kaboni, na tangu siku hiyo hakuna mtu Kanja aliyepata amani. Aliwasimamisha watu njiani ili waiinue. "Shika kwa kidole kimoja tu," alimwambia muuza maziwa. "Umeona? Kuku wa kienyeji ni mzito kuliko hii!" Aliipangusa kwa kitambaa cha miwani yake. Mvua ikinyesha, baiskeli iliingia sebuleni, na kama kulikuwa na wageni, wageni ndio waliosogea.

Jumamosi moja ya Januari, Mlima Kirinyaga ukiwa umejitokeza mzima bila wingu, alishuka kutoka Kanja, akaingia barabara kuu pale Runyenjes na kushika njia ya Meru. Mpango wake ulikuwa afike Chuka, anywe chai, arudi nyumbani. Magari yanayowahisha muguka sokoni, yale majani ya kutafuna, yalimpita kwa fujo kama kawaida yao, naye hakujali. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya, sauti ya tatu, peke yake, na kila aliposhuka kilima aliongeza ubeti.

"Muga!" sauti ya mwanamke ikamsalimu kwa Kimeru, na baiskeli ikampita kulia.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kupitwa alikuwa amezoea. Kilichomkatiza ni ile baiskeli yenyewe: ya mbio, ya chuma, nyembamba, rangi ya machungwa yaliyoiva, vipini vya gia vikiwa chini kwenye fremu kama zamani. Na kwenye bomba la juu, karibu na kiti, palikuwa na kibonyeo kidogo kama alama ya dole gumba.

Gichovi alikijua kibonyeo kile. Alikiweka mwenyewe mwaka wa 1991, alipogonga nguzo ya lango la kiwanda cha kahawa huku akiwapungia wasichana mkono. Baiskeli ile aliachiwa na padri Mwitaliano aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka miwili ujana wake wote ulikuwa wa rangi ya machungwa. Kisha shemeji yake, Vincent, akaiazima aende harusi Nkubu. Akaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa, akaingia ndani kuimba, na alipotoka aliukuta ukuta peke yake. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Gichovi alikuwa amemsamehe Vincent mara nyingi, mbele ya watu.

"Wee! Wee mama! Simama!"

Mwanamke akageuza kichwa. Akamwona mzee aliyeinama juu ya baiskeli ya kisasa, akikanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akacheka, akashusha mkono kwenye kipini cha gia, tak, akaondoka.

"Ala! Anafikiri ni mashindano!" Gichovi alijiambia, naye akabadilisha gia.

Barabara ya kushuka mto Thuci ina kona za kumfanya mtu akumbuke dhambi zake. Siku zote Gichovi alizishuka akishika breki kwa mikono yote miwili. Siku hiyo alizigusa tu. Upepo ulimtoa machozi, kaboni ikavuma chini yake kama nzi mkubwa, na kila alipotokea kwenye kona aliiona ile rangi ya machungwa ikiingia kona inayofuata. Darajani alikuwa nyuma yake hatua kumi hivi.

"Hiyo baiskeli ni yangu!" alipiga kelele.

Upepo ukala maneno yote, ukabakiza moja.

"Yako?" mwanamke akajibu bila kugeuka. "Itakuwa yako ukinishika!"

Kisha akasimama juu ya pedali na kuanza kupanda.

Gichovi alikuwa na gia ishirini na nne. Alizitumia zote. Yule mama alikuwa na chache, kila moja ngumu, lakini alipanda akiyumba kushoto na kulia kama mtu anayecheza ngoma ya harusi, mgongo umenyooka. Wauza maembe walitoka kwenye vibanda vyao kuangalia.

"Kanyaga, guka! Usituaibishe sisi wazee!" mama mmoja mnene alimpigia kelele, akimwita babu. Akakimbia kando yake hatua chache na kumtumbukizia embe kwenye mfuko wa mgongoni. "Hiyo ni ya nguvu!"

"Asante!" Gichovi alijibu, na sauti iliyotoka ilikuwa kicheko. Alishangaa. Mapafu yalikuwa yakiungua, miguu ilikuwa ya ugali, na alikuwa akicheka kama darasa la nane siku ya kufunga shule. Kwa muda alisahau kabisa kwamba alikuwa akifukuza mali iliyoibwa. Alitaka tu kilima kisiishe.

Alimfikia Chuka, tena kwa sababu yule mama alikuwa amesimama. Alikuwa mbele ya kibanda cha chai, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono yenye misuli, kofia ngumu mkononi, ameshaagiza vikombe viwili.

"Karibu chai, mzee. Umenikimbiza vizuri! Mimi ni Karwirwa. Nafundisha kuchomelea vyuma, chuo kimoja huko Meru. Nililala Embu kwa dada yangu, narudi nyumbani Nkubu."

Gichovi alijaribu kusema jina lake, pumzi zikakataa. Akaonyesha kwa kidole upande wa chini wa baiskeli.

"Hapo chini," alisema mwishowe, "pedali zinapokutana. Kuna herufi. Niliichonga kwa msumari."

Karwirwa akaacha kutabasamu. "Herufi gani?"

"W."

Karwirwa akakaa juu ya kreti ya soda. Akamwangalia mzee, akaiangalia baiskeli, akamwangalia mzee tena.

"Miaka minne," alisema polepole, "miaka minne naita hii baiskeli Winrose kwa sababu ya hiyo W!"

"Ni Wawira. Mke wangu. Wakati huo alikuwa bado hajanikubali."

Hapo Karwirwa akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika, mwenye kibanda naye akacheka bila kujua sababu.

Gichovi akajitambulisha, mwalimu wa Kanja, naye Karwirwa akamweleza alivyoipata baiskeli. Aliikuta kwenye boma moja nje ya Nkubu, haina magurudumu, wala mwenye boma hakujua ilifikaje pale. Mpasheni ulikuwa umeizunguka fremu yote, matunda yananing'inia kwenye usukani. Aliomba aruhusiwe kuitoa. Akanyoosha uma wa gurudumu la mbele, akatafuta magurudumu ya zama zile mwaka mzima, na kwa rangi aliwasumbua wachanganyaji wa rangi za magari hadi wakawa wakimwona wanajificha. Kibonyeo angeweza kukiziba. Alikiacha. "Niliona kama ni uso wake," alisema.

Kisha akainuka, akaishika baiskeli kwa mikono yote miwili, akaisukuma mbele ya Gichovi. Lakini usukani hakuuachia. "Chukua, mwalimu. Cha mtu ni cha mtu."

Gichovi aliutazama mnyororo ule uliong'aa, na mishono ya kuchomelea laini kama ngozi. "Niipeleke wapi? Mimi niliipoteza. Wewe uliitoa kwenye mpasheni ukaipa roho. Ikae kwako mwezi mmoja, kwangu mwezi mmoja. Tutakuwa tunakutana hapa hapa Chuka."

"Unasema kweli?"

"Lakini kuanzia hapa mpaka Nkubu naiendesha mimi. Wewe panda hii yangu."

Kwanza alimpigia mkewe simu. "Wawira, nimeipata."

"Umepata nini?"

"Ile ya Mwitaliano. Leo nalala Nkubu."

"Vincent anajua?"

"Bado."

"Usimwambie! Nataka nimwambie mimi."

Wakapita Chogoria wakipiga kelele kama watoto. Chuma kilikuwa na mwendo wake: kilipokea mashimo, kikayatafakari, kikamletea Gichovi habari zake kwa upole. Mikono ilikumbuka yenyewe mahali pa kipini cha gia. Mbele yake Karwirwa alikuwa akipanda vilima kwa ile ya kaboni, akipaza sauti, "Haina uzito! Aki mwalimu, hii kitu haina uzito! Mbona hukuniambia?"

"Kanja nzima nimeiambia!"

Nkubu walimkuta Kiambi, mume wa Karwirwa, amesimama langoni. Sufuria ya mukimo ilikuwa tayari mezani.

"Tusimame?" Karwirwa aliuliza.

"Kwani umechoka?"

"Hata!"

Wakampita Kiambi kwa kasi, wakimpungia mikono, wakaelekea Meru mjini.

"Chakula kinapoa!" Kiambi alipaza sauti nyuma yao. "Na huyo mzee ni nani?"