Nyumba Isiyopakwa Dawa

Mwaka ule wa 1949, kazi iliyomuua Kornelio ilisifiwa gazetini, na mkewe Auleria akazisikia sifa hizo dukani, mbele za watu.

Alikuwa amekwenda kununua mchele kwa Mzee Hashil, Mwarabu wa Temeke aliyezoea kuwasomea wateja gazeti kwa sauti. Siku hiyo kulikuwa na mazungumzo ya mwandishi mmoja na Daktari Najmuddin, mtaalamu wa mbu. Daktari alieleza jinsi alivyojenga vijumba viwili vya udongo huko nyuma ya Temeke. Kimoja alikipaka dawa ukutani, kingine akakiacha vivyo hivyo, kisha akaajiri watu walale humo, apate kujua mbu watafanyaje. Mwandishi akamuuliza alijisikiaje alipowakuta mbu wamekufa sakafuni.

"Nililia kwa furaha," Daktari alijibu.

Hashil akalishusha gazeti. "Si ndiko alikokuwa akilala marehemu mumeo?"

Auleria alifunga mchele kwenye upindo wa kanga, akashika njia kwenda huko kwenye vijumba.

Alimkuta Daktari ameinamia hadubini. Alikuwa mtu mwembamba, Mhindi wa madhehebu ya Bohora, mtoto wa muuza vitambaa. Siku ya maziko ya Kornelio alikuja, akasimama kando peke yake, akaondoka bila kuagana na mtu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Adelina. Karibu, kaa."

"Mwandishi wa gazeti umemweleza ulichokigundua. Mie mwenye msiba hujanieleza."

Daktari akamvutia kiti, akamwonyesha mbu chini ya kioo, miguu yake mirefu kama nyuzi. "Huyu akishashiba damu hutua ukutani apumzike. Ukuta ukiwa na dawa, hafiki asubuhi."

"Kornelio alilala nyumba ipi?"

Daktari akavua miwani. "Isiyopakwa dawa."

"Ukamlaza humo ukijua?"

"Nilijua, naye alijua, nilimweleza. Bila ya nyumba ile nisingeweza kusema ni dawa iliyowaua mbu au ni jambo jingine. Lakini sikumwacha hivi hivi, mama. Kwao Karagwe milimani homa hii ya malaria si nyingi, mwili wake haukuizoea. Kila Jumamosi nilimpa vidonge vya kumkinga. Havikumsaidia kitu! Masika haya yajayo vingegawiwa watoto wa Temeke nzima. Nimezuia. Nimewaandikia wakubwa kwamba havifai."

Auleria akamkazia macho.

"Vilikuwa vyeupe?"

"Vyeupe."

"Vichungu, hata ukitia sukari?"

"Umevijuaje?"

Auleria alikumbuka masika yaliyopita, binti yake Adelina alipopatwa na degedege, macho yakageuka, wanawake wa jirani wakaanza kulia kama tayari ni maiti. Mtoto alipona kwa taabu. Baada ya hapo kila Jumamosi Kornelio alimfungulia kikaratasi kiganjani, akasema, "Daktari kanipa na vya mtoto." Auleria alivisaga, akavichanganya na uji, akamziba mtoto pua ili ameze. Homa haikurudi tena. Alikuwa akijisifu kisimani kwamba mwanawe sasa ana mwili wa chuma.

Sasa akaona wazi kwamba akinyamaza, kosa litabaki kuwa la vidonge, naye atalala usingizi. Lakini watoto wa Temeke watavikosa.

"Kornelio hakuvimeza," alisema. "Alivileta nyumbani. Mie nilimpa mtoto."

Daktari akasema, polepole, "Alikuwa akivitia mfukoni, akiniambia atavimeza baada ya kula. Nami nikamwamini. Mama, angeniomba tu. Ningempa na vya mtoto. Vilikuwapo tele."

Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja Auleria. Msibani alikuwa amelia kama mjane yeyote anavyolia. Hapa aliangukia magoti, mchele ukamwagika kutoka kwenye upindo, na Daktari, asiyejua kama inafaa amshike, naye akapiga magoti, akaanza kuokota punje mojamoja.

"Hakuwa mtu wa kuomba," Auleria alisema alipoweza kusema. "Tangu aliponioa hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi."

"Halikuwa kosa lako."

"Usinipoze, Daktari. Waandikie wakubwa. Waambie vinafaa. Mwanangu mzima, njoo umwone mwenyewe."

"Itanibidi niwaeleze nimejuaje."

"Waeleze. Ila jina la mtoto usilitaje. Akikua asije akasikia kwa watu kwamba alikula uhai wa babaye."

Daktari akaandika. Masika yalipoanza, vidonge viligawiwa barazani kwa jumbe, na kina mama wakajipanga na watoto wao, wakimwombea Daktari dua. Adelina, ambaye sasa hakuhitaji kuzibwa pua, alimeza chake bila maji, akautoa ulimi wote nje ili mama aone kimekwisha, akacheka. Wenzake wakampigia makofi. Auleria naye akacheka, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama.

Alipofika nyumbani alijilaza kitandani akaugeukia ukuta, na jiko lake halikuwashwa mpaka jirani alipoingia kumwashia.