Alama Moja Kabla ya Jina

Seung-rak alikuwa na maonyo mawili. Onyo la tatu humfuta mwanafunzi chuoni, na hakuna wa kumbembeleza mtu. Yale mawili aliyapata kabla ya kwenda jeshini, enzi alizokuwa akishinda kwenye maduka ya michezo ya kompyuta, na hakuwahi kumsingizia yeyote. Alirudi ana miaka ishirini na minne, akawekwa darasa moja na watoto wa mwaka wa pili waliomwita babu. Akifaulu somo la Profesa Maeng, anabaki. Akianguka, anarudi kwao Guryongpo, mji wa wavuvi, kuanika ngisi na mama yake.

Mimi nilikuwa msaidizi wa profesa, nikisimamia mazoezi kila Jumatano. Mwaka wa kwanza hufundishwa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mwaka wa pili wanaingizwa lugha nyingine, C++, na hapo ndipo vilio huanza, maana wanadhani aliyejua moja amezijua zote. Nami niliwaambia hivyohivyo kila wiki, kwa kuwa lilikuwa jibu jepesi.

"Dada Eun-sil, mama kakuletea," aliniambia siku moja, akatua mezani bahasha ya ngisi wakavu.

"We Seung-rak! Chumba kizima kitanuka bandari."

"Bora kinuke bandari kuliko soksi za hawa vijana."

"Babu, tumekusikia!" akapaza sauti mmoja kutoka nyuma, darasa zima likaangua kicheko.

Jumatano ya mwisho kabla ya mtihani, wenzake walikwisha kuondoka. Yeye alibaki akiandika programu kwa penseli, kwa sababu mtihani wa Maeng ni wa karatasi. Mwanafunzi anaandika kwa mkono, kisha msaidizi anaichapa kazi yake kwenye kompyuta herufi kwa herufi. Ikitoa jibu sahihi, anapata maksi. Isipotoa, sifuri, na machozi apeleke kwao.

"Dada, hii alama hapa, kabla ya jina la orodha. Kitabu kinaiweka kila mahali. Mimi naiweka tu, ila sijui ya nini."

Nilikuwa nimeshavaa koti. Tasnifu yangu ilikuwa imechelewa miezi miwili na msimamizi wangu alikuwa akinisubiri ghorofa ya juu.

"Kwenye Java uliiweka?"

"Hapana."

"Na kazi ilikwenda?"

"Ilikwenda."

"Basi iache, usijichoshe. Ni lugha ileile, imebadili nguo tu."

Akayaandika maneno hayo daftarini, akayapigia mstari, akaongeza tarehe na jina langu. Ndivyo alivyozoeshwa jeshini: agizo likitoka, liandikwe limetoka kwa nani na lini. Nilimcheka, nikaondoka.

Ile alama niliijua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kwenye Java, ukimpa mwenzako orodha aijaze, unampa orodha yenyewe. Kwenye C++, bila ile alama, unampa fotokopi. Ataijaza vizuri, fotokopi itatupwa, na orodha yako itabaki tupu. Kompyuta hailalamiki hata kidogo.

Mtihani ulitaka sajili ya wagonjwa wa zahanati. Karatasi yake niliichapa Ijumaa asubuhi, kurasa nne za mwandiko safi. Programu ikaenda bila kugoma, na mwishoni ikaandika: Wagonjwa 0. Nilirudi kwenye karatasi nikijua nitakachokikuta. Alikuwa ameiweka ile alama kila ilipotakiwa, kisha akaifuta kwa raba. Vivuli vyake bado vilionekana.

Nikajaza sifuri.

Siku ya wanafunzi kuja kutazama karatasi zao, Seung-rak alifika wa kwanza. Maeng ana sheria moja inayojulikana na wote: kosa lililofundishwa na msaidizi halihesabiwi kwa mwanafunzi, na msaidizi huyo anafungasha. Mwaka mmoja kabla yangu, mwenzangu aliondoka hivyo katikati ya muhula, na tasnifu yake ikafia hapo.

Profesa aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Hizi alama ulikuwa umeziweka, halafu ukazifuta. Nani alikwambia uzifute?"

Nilikuwa nimesimama kando ya printa. Begi la Seung-rak lilikuwa wazi miguuni pake, na daftari nililiona. Hakuniangalia.

"Hakuna, Profesa. Nilibabaika."

"Una uhakika? Kijana, hili ni onyo lako la tatu."

"Nina uhakika."

Maeng akanigeukia. "Msaidizi, mlilifundisha hili?"

Ilikuwa nafasi yangu, na nilipewa wazi mbele ya mtu niliyemponza.

"Limo kwenye kitabu, Profesa," nikasema.

Seung-rak akainama kwa heshima, mara moja kwa profesa, mara moja kwangu, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye lifti bila kujua nitamwambia nini. Alikuwa amechutama, anachana ukurasa daftarini taratibu, akiufuata mshono ili usiharibike. Akasimama, akanipa kwa mikono miwili.

"Kaa nao wewe, dada. Ukibaki kwangu, mtu anaweza kuuona." Akatabasamu kidogo. "Samahani nimekuaibisha. Tasnifu iende salama."

Maneno yangu yalikuwa pale, na mstari, na tarehe, na jina. Niliukunja ule ukurasa, nikautia mfukoni, nikamwambia asante.